Taarikhi ya Jangwa na Nyika za Turkestan

Ibn Battuta wa Tangier, yule msafiri ambaye mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja kisha akashuka Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akisifiwa kwa ukarimu wake kwa mafakiri, hakumaliza miaka mingi tangu kuiaga pwani yetu ila alijikuta katika nchi iliyo kinyume cha pwani kwa kila jambo: nchi isiyo na mnazi wala mwembe, isiyojua kusi wala kaskazi, ambayo msafiri aweza kwenda mwezi mzima asipate mti wa kumpa kivuli. Alipofika Saraichik, mji uliokuwa ukingoni mwa mto Ural, aliwauza farasi wake kwa kuwa huko mbele hapakuwa na malisho ya kuwatosha, akatwaa ngamia wa kukokota magari, akashika njia ya Khwarazm, nchi iliyo mwishoni mwa mto Amu Darya, kwa muda wa siku thelathini, msafara ukisimama saa mbili tu kwa siku, moja kabla ya adhuhuri na moja wakati wa magharibi, kiasi cha watu kupika uji wao na kuunywa. Maji yalipatikana katika vituo vinavyojulikana, baina ya kituo na kituo mwendo wa siku mbili au tatu. Na ngamia wengi wa safari hiyo, kwa habari aliyoiacha, walikuwa wakifa, nao waliosalimika hawakufaa kwa kazi mpaka mwaka wa pili, baada ya kulishwa wakanona.

Hiyo ndiyo Turkestan ya zamani, ambayo leo imegawanyika baina ya Kazakhstan, Uzbekistan, Turkmenistan, Kyrgyzstan na Tajikistan. Atakaye kuupima ukubwa wake na afahamu ya kuwa Kazakhstan peke yake ina kilomita za mraba zipatazo 2,700,000, hata lau Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zingeunganishwa kuwa nchi moja, zisingeweza kuijaza. Kusini na mashariki imezingirwa na milima ya Pamir na Tian Shan, yenye vilele visivyovua theluji mwaka mzima. Magharibi iko Bahari ya Kaspi, ambayo uso wake umeinama chini ya usawa wa bahari kuu kwa mita 28 hivi. Lakini upande wa kaskazini nchi haina ukuta wala kizuizi, na upepo utokao kwenye bahari ya barafu huvuma mpaka kusini bila ya kukuta mlima wa maana wa kuukatiza. Mawingu ya Atlantiki hufika huko yamekwisha kumwaga mvua yake njiani, na yale ya Bahari ya Hindi huishia kwenye milima. Kwa hiyo nchi hukaa na ukame wake, nalo jua la kiangazi katika mchanga wa kusini hupandisha joto likapita digrii 45, ilhali majira ya baridi katika nyika za kaskazini huteremka hata digrii 40 chini ya sifuri.

Baridi hiyo imeelezwa na wengi, ila sijapata kumwona aliyeieleza vizuri zaidi kuliko Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad, aliyetoka mwaka 921 kwenda kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga na kulazimika kukaa Khwarazm akingoja theluji ipungue. Mto Jeihuni, ndio Amu Darya wa leo, asema, uliganda tangu mwanzo wake hata mwisho, unene wa barafu ukawa shibiri kumi na saba, na farasi na magari yakapita juu yake kama yapitavyo barabarani. Naye mwenyewe alikuwa akitoka hamamu akifika nyumbani huziona ndevu zake zimekuwa pande moja la barafu, akazisogeza motoni ziyeyuke. Siku ya kuondoka walivaa nguo juu ya nguo, na ngozi ya kondoo juu ya hizo, na joho la sufu iliyoshindiliwa juu ya yote, hata aliyekwisha kupanda ngamia wake hakuweza kujigeuza. Mtu wa Baghdad, aliyedhani kwamba amekwisha kulijua jangwa, alikuwa ameingia katika jangwa la namna nyingine.

Maana ni makosa kuidhania nchi hii kuwa mchanga mtupu. Mwenye kuteremka kutoka kaskazini hukutana kwanza na nyika ya nyasi ndefu juu ya udongo mweusi, ambayo yaenea kutoka mto Ural hata chini ya milima ya Altai kwa zaidi ya kilomita 2,000; kisha nyasi hupungua kimo na kuachana, udongo ukageuka rangi ya kahawia, na pakanga ikatawala pamoja na harufu yake kali; kisha huingia katika nyanda za udongo mkavu kama Betpak-Dala, ambazo hata wenyeji hawakupenda kukaa humo wakati wa kiangazi; na mwisho wa yote hufika kwenye mchanga wenyewe, Kyzylkum, yaani mchanga mwekundu, wenye kilomita za mraba 300,000 hivi baina ya mito miwili mikubwa, na Karakum, mchanga mweusi, ulio mkubwa zaidi kidogo na unaofunika sehemu kubwa ya Turkmenistan. Katika mchanga huo humea saksauli, mti uliopindapinda, wenye majani madogo kama magamba na mizizi ishukayo mbali kutafuta maji, ambao gogo lake ni zito hata huzama likitiwa majini, na ambao moto wake hushindana na ule wa makaa ya mawe. Wakati wa masika, kwa majuma machache tu, maji ya theluji iliyoyeyuka huamsha maua mekundu juu ya ardhi yote, na mgeni aliyefika siku hizo huenda akarudi kwao na kuwaambia watu kwamba habari za jangwa ni uwongo.

Watu wa nyika walikuwa na elimu yao ya ardhi hiyo, na elimu hiyo ilikuwa ni kuhama. Huko Botai, kaskazini ya Kazakhstan, wachimbaji wa mambo ya kale wameona katika vyungu dalili ya maziwa ya farasi yapata miaka 5,500 iliyopita, na tangu zamani hizo maisha ya wafugaji yalifuata nyasi: wakati wa kiangazi wakapanda kaskazini au milimani, na wakati wa baridi wakateremka kwenye mabonde na mchanga wa kusini, ambako theluji ni haba na saksauli huzuia upepo. Aila nyingine zilikwenda kilomita mia kadhaa kila upande, na kila aila ilikuwa na njia yake, visima vyake na kambi zake za baridi, wala hapakuwa na shibiri ya malisho isiyokuwa na mwenyewe. Kundi likifika penye theluji, farasi ndio waliotangulizwa, wakaipasua kwa kwato na kula ncha za nyasi. Nyuma yao wakaja ng'ombe, na mwisho kondoo, wakiokota yaliyobaki. Adui waliyemwogopa kuliko majeshi ni ile hali ambayo theluji huyeyuka siku moja na kuganda tena usiku, ikawa kigae cha barafu kisichopasuliwa na kwato lolote; hapo tajiri wa kondoo elfu huamka fakiri kabla mwezi haujaandama, na hakuna hesabu iliyoweza kumwokoa.

Wenye kulima walitegemea kitu kingine, nacho ni mito miwili ambayo Waarabu waliiita Jeihuni na Seihuni, na ambayo leo hujulikana kwa majina ya Amu Darya na Syr Darya. Wa kwanza hutoka Pamir na wa pili hutoka Tian Shan. Yote miwili hukata jangwa kwa zaidi ya kilomita 2,000, na yote ilimwagika katika Bahari ya Aral, ambayo haina njia ya kutokea. Rehema ya mito hii ni kwamba hunywa theluji na barafu ya milimani, si mvua ya mabondeni, kwa hiyo hufurika katika miezi ya jua kali, wakati ule ule ambao shamba lina kiu. Juu ya rehema hiyo ilijengwa miji yote ambayo majina yake yamesikika mpaka kwetu: Samarkand na Bukhara kando ya mto Zarafshan, Marw kwenye mto Murghab, Khwarazm mwishoni mwa Jeihuni, ambako maji yalipandishwa kwa magurudumu yaliyozungushwa na ngamia, na mifereji ilifukuliwa tope kila mwaka kwa kazi ya lazima iliyomgusa kila mkulima. Barabarani, mbali na mito, watawala walijenga mabirika yenye kuba, kama lile lililo karibu na nyumba ya wasafiri ya Rabat-i Malik baina ya Samarkand na Bukhara, ili maji ya msafara yasinyonywe na jua.

Lakini Jeihuni si mto wa kuaminika. Hubeba tope jingi kupita kiasi, tope hilo hutua na kukiinua kitanda chake, na siku moja mto huona kwamba pembeni ni chini kuliko hapo ulipo, ukahama. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973 na aliyekuwa na jicho la kuona mambo ambayo wengine waliyapita, alikwisha kuandika zaidi ya miaka elfu iliyopita habari za mto huo kubadili njia yake katika zama za kale. Zamani nyingine ulielekea shimo la Sarykamysh, na kutoka huko maji yakafuata mkondo wa Uzboy mpaka Kaspi. Zamani nyingine ukarudi Aral. Abulghazi, khan wa Khiva wa karne ya 17, aliandika kwamba mara ya mwisho kuhama kwake ilikuwa yapata miaka thelathini kabla ya kuzaliwa yeye mwenyewe, na kwamba mji wa zamani wa Urgench ulikosa maji kwa sababu hiyo, watu wakauacha na enzi ikahamia Khiva. Na juu ya sakafu ya Bahari ya Aral, mahali ambapo miaka 60 iliyopita samaki waliogelea, yameonekana magofu ya kaburi la Kiislamu la karne za kati, liitwalo Kerderi, ushahidi ya kuwa bahari hiyo ilikwisha kujitenga na pwani zake kabla ya mwanadamu wa leo kuifikia kwa mashine.

Qutaiba bin Muslim alipouvuka Jeihuni na kuishika Bukhara mwaka 709 na Samarkand mwaka 712, dini ikaingia pamoja na upanga, na haukupita muda ila wanafunzi waliwapita walimu. Imamu al-Bukhari, aliyezaliwa mwaka 810, hana haja ya kuelezwa kwa wasomaji wa pwani. Al-Khwarizmi ameacha jina lake katika hisabati ya ulimwengu mzima. Ajabu ni kwamba wataalamu hawa walitoka katika vipande vidogo vya ardhi ya kijani vilivyozungukwa na mchanga kila upande. Kwangu mimi ajabu hiyo ina sababu iliyo wazi: mji wa namna hiyo haukai bila ya biashara, biashara haikai bila ya hesabu na barua, na mkulima ambaye shamba lake hupewa maji kwa zamu hujifunza kupima saa na pembe mapema kuliko aliyeletewa mvua na Mungu bure.

Baina ya nyika na mji palikuwa na ugomvi wa kudumu, na pia palikuwa na haja ya kudumu, kwa sababu mfugaji alitaka nafaka na nguo, na mtu wa mji alitaka farasi, ngozi na sufu. Mizani hiyo ilivunjika mwaka 1218, wakati liwali wa Otrar, mji uliokuwa kando ya Seihuni, alipoukamata msafara wa wafanyabiashara mia nne na kitu waliotoka kwa Genghis Khan, akawaua na kuchukua mali yao. Jawabu ilikuja. Genghis aliwaacha wanawe wakiihusuru Otrar, naye mwenyewe akakata Kyzylkum katikati ya majira ya baridi, wakati theluji huwapa farasi maji ya kunywa, akatokea Bukhara mwezi wa Februari 1220 kwa upande ambao askari wa mji hawakuutarajia. Mtu wa mji aliliona jangwa kuwa ni boma lake. Mtu wa nyika aliliona kuwa ni njia. Mwaka uliofuata Gurganj, mji mkuu wa Khwarazm, ulitekwa baada ya kupigana nyumba kwa nyumba, kingo za mto zikabomolewa, na maji yakaachiwa juu ya mji. Mifereji iliyofukuliwa kwa karne nyingi ikawa mabwawa ya matete, na Jeihuni ukapata ruhusa ya kwenda utakako.

Warusi walipokuja walikuwa na hamu ya nchi hii, wala hawakuwa na habari zake. Petro Mkuu alimtuma Bekovich-Cherkassky mwaka 1717, na miongoni mwa mashauri yaliyokuwa kichwani mwa safari ile ni kuurudisha mto Amu Darya katika Kaspi ili vyombo vya Urusi vipande kuelekea Bara Hindi. Khan wa Khiva aliwakaribisha, akawagawanya majeshi yao katika vijiji mbalimbali kwa kisingizio cha chakula, kisha akawaua. Miaka zaidi ya mia ikapita, na Jenerali Perovsky akaondoka Orenburg mwezi wa Novemba 1839 na watu wapatao 5,000 na ngamia 10,000, akichagua majira ya baridi kwa hofu ya kiu. Theluji ya mwaka ule ikawa kubwa kuliko kawaida, ngamia wakakata miguu yao juu ya barafu, na jeshi likarudi kabla ya kuiona Khiva, limepoteza zaidi ya watu elfu moja na karibu ngamia wote. Aliyefanikiwa zaidi ni mtu wa bahari, Luteni Butakov, aliyechukua jahazi lake kutoka Orenburg likiwa vipande vipande juu ya mikokoteni, akaliunganisha ufukweni na kuipima Bahari ya Aral mwaka 1848 na 1849, akiwa na mshairi Taras Shevchenko, mfungwa aliyepelekwa uhamishoni, kuwa mchoraji wake wa picha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: Tashkent ikatwaliwa mwaka 1865, Samarkand 1868, Khiva 1873, na ngome ya Waturkmeni ya Gökdepe mwaka 1881. Reli iliyoanzia pwani ya Kaspi ilifika Samarkand mwaka 1888, ikipita katika mchanga unaotembea, na wahandisi wakajifunza kupanda saksauli kandokando ya njia ili upepo usiifukie. Mabehewa yaliyokwenda yalibeba askari na nafaka; yaliyorudi yalibeba pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, vilikuwa vimewafundisha wenye viwanda wa Moscow hatari ya kutegemea pamba ya ng'ambo, na mbegu ya Kimarekani ikaletwa Turkestan, na shamba baada ya shamba likaacha ngano na kulima kitu ambacho mwenye kukilima hawezi kukila.

Dola ya Kisovieti ilirithi tamaa hiyo na kuizidisha mara nyingi. Kwanza iliwageukia watu wa nyika: kati ya mwaka 1930 na 1933 wafugaji wa Kazakhstan walilazimishwa kukaa mahali pamoja, mifugo yao ikachukuliwa, na katika njaa iliyofuata walikufa watu wapatao 1,500,000, ambao wengi wao walikuwa Wakazaki, na mifugo ikatoweka kama tisa katika kila kumi. Watawala waliosema kwamba kuhamahama ni ujinga waliiona nchi hii kuwa tupu, na nchi iliyoonwa kuwa tupu hupewa kazi za nchi tupu: mwaka 1949 lilipasuliwa bomu la kwanza la nyuklia la Kisovieti karibu na Semipalatinsk, na majaribio mengine zaidi ya 400 yakafuata, mwaka 1954 ikaanza kulimwa nyika ya kaskazini, zaidi ya hekta milioni 20 katika Kazakhstan, na haikupita miaka kumi ila upepo ulianza kuuchukua udongo ule, na kutoka Baikonur, kando ya Syr Darya, Yuri Gagarin akarushwa tarehe 12 Aprili 1961 kwenda juu ambako hapana aliyekuwa amefika.

Mwaka ule ule wa 1954 ulianza kuchimbwa Mfereji wa Karakum, ambao ulikuja kuwa na urefu wa kilomita zaidi ya 1,300, ukiyachukua maji ya Amu Darya na kuyapitisha katikati ya mchanga bila ya sakafu wala kuta za saruji, hata sehemu kubwa ikanywewa na ardhi kabla ya kuona shamba. Mifereji mingine ikaongezwa katika mito yote miwili. Wapanga mipango wa Moscow hawakuwa wajinga wa matokeo. Walijua ya kuwa Aral itapungua, wakapiga hesabu wakaona pamba ina thamani kuliko samaki. Mwaka 1960 bahari hiyo ilikuwa na kilomita za mraba 68,000 hivi, karibu sawasawa na ziwa letu la Viktoria. Msomaji wa Mwanza, Kisumu au Entebbe na ajaribu kuliwazia ziwa lake, ndani ya umri wa mtu mmoja, likibaki sehemu moja katika kumi, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa: Moynaq, bandari ya kusini iliyokuwa na kiwanda cha kutia samaki makoponi, ikajikuta mbali na maji, bandari ya Aralsk hali kadhalika, na wavuvi waliokuwa wakipata zaidi ya tani 40,000 za samaki kwa mwaka wakawa hawana cha kuvua, kwa kuwa chumvi ilizidi hata samaki wa asili wakafa. Sakafu iliyokauka ikawa jangwa jipya, na upepo wake ukabeba chumvi pamoja na dawa za mashambani hata mapafuni mwa watu. Mwaka 2014 bonde la mashariki la bahari ya kusini lilikauka kabisa.

Hapo hujitokeza wale wasemao kwamba Jeihuni ulikwisha kuhama mara nyingi, Kerderi ni shahidi, basi hili nalo ni moja katika mizunguko ile. Nionavyo mimi hoja hiyo yasema kweli nusu. Mto ulipohama zamani ulikwenda pengine, na watu wakaufuata. Safari hii maji hayakwenda pengine, yalitawanywa mashambani yakapaa hewani, hapakubaki mkondo wa kuufuata.

Kazakhstan iliamua kuokoa kinachookolewa. Mwaka 2005 ulimalizwa ukuta wa Kok-Aral, wenye urefu wa kilomita 13 hivi, ukaitenga bahari ndogo ya kaskazini inayolishwa na Syr Darya. Maji yakapanda upesi kuliko walivyotazamia wahandisi, chumvi ikapungua, na samaki wakarudi pamoja na wavuvi. Uzbekistan, ambayo upande wake hauna tena maji ya kuzuiwa, imekuwa ikipanda saksauli juu ya sakafu ya bahari kwa eneo kubwa tangu mwaka 2018, ili chumvi itulie. Kusini zaidi, Afghanistan, ambayo haikupata kushirikishwa katika mapatano ya kugawana maji ya Amu Darya, ilianza mwaka 2022 kuchimba Mfereji wa Qosh Tepa, wa kilomita 285, kwa ajili ya mashamba ya Balkh na majirani zake. Na wakulima wa Khwarazm, walio mwishoni mwa mto, wameanza kuuliza serikali yao ni kiasi gani cha maji kitakachowafikia.